Hellena na Lifti za Ufini

Mpwa wangu Hellena anatibu lifti. Usicheke. Wengine wana wapwa madaktari wa watu, mimi ninaye wa lifti, na tena si lifti za hapa. Kwa miaka kadhaa alikaa chumba cha kupanga mtaa wa Katandala, hapa Sumbawanga mjini, amevaa sweta na soksi nene kwa sababu upepo wetu wa mwezi wa sita hauna adabu, huku anatibu lifti za Ufini. Mlango ukigoma kufunga kule, au lifti ikisimama katikati ya ghorofa na ghorofa, habari zilimfikia kwenye kompyuta kabla wenye jengo hawajaanza kutukanana. Alisoma namba, akafikiri, akaandika maelekezo, na kule kwenye theluji watu wakatoka ndani ya kile kisanduku wakaenda zao, hawana habari kwamba aliyewatoa yupo Rukwa na anakula ugali wa ulezi.

Mimi ni Oswaldi, ndugu wa mama yake. Nina kibanda karibu na stendi, nachaji simu na kutengeneza redio, na pasi pia ukija nayo vizuri. Kwa kuwa watu wengi wanaona haya kujisifu, nitajisifu mwenyewe: akili za Hellena zimetoka upande wetu. Shule niliiacha kidato cha pili, si kwa kushindwa, ila niliona walimu wameanza kurudia mambo. Redio ya kwanza Hellena kuifungua ilikuwa yangu. Aliifungua mimi sipo, akashindwa kuirudisha, na haikuimba tena mpaka leo. Lakini ilikuwa yangu. Bila ile redio, mhandisi angetoka wapi?

Alizaliwa kijijini kwetu, njia ya kwenda Matai, mtoto pekee wa dada yangu Kalista. Baba yake alifariki mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni. Dada yangu alimsomesha kwa mahindi, kwa maharage na kwa ukali, na ukali ndio uliokuwa mwingi. Hellena akaenda chuo Mbeya, akasomea umeme na mitambo, kisha akapata kazi Dar es Salaam kwenye kampuni moja ya kufunga na kutunza lifti. Huko aliishi ndani ya mashimo. Wewe unaona mlango wa lifti unang'aa na kioo cha kujitazama. Yeye aliona nyuma yake, kule kwenye kamba za chuma, grisi na giza. Nilimtembelea mara moja. Akanipandisha kwenye jengo refu, na mimi kwa malezi yangu ya Kifipa nikawasalimia wote tuliokuwa nao mle ndani, mmoja mmoja, nikiwauliza na habari za nyumbani. Hakuna aliyejibu. Wote walikuwa wanaangalia namba juu ya mlango kana kwamba zitasoma majina yao. Nikamwambia Hellena, "Mama, hii mashine yako inaharibu watu." Akasema, "Mjomba, haiwaharibu, wanapanda wakiwa hivyo."

Ile kampuni ya Dar ilikuwa inanunua mitambo yake Ufini. Mitambo ikigoma, Hellena ndiye aliyeandika taarifa kwenda kwa waliotengeneza. Kumbe huko kulikuwa na bwana mmoja, jina lake Jukka, msimamizi wa mafundi, aliyekuwa anazisoma zile taarifa kama watu wengine wanavyosoma magazeti. Siku moja akamwandikia: je, ungependa kutufanyia kazi sisi, hukohuko uliko?

Hukohuko uliko. Hellena akaliangalia lile neno, akagundua kwamba kama kazi ni ya hukohuko, basi si lazima hukohuko pawe Dar. Akafunga mizigo akarudi Sumbawanga. Wenzake walimwona amerukwa na akili. Unawajua watani wetu: wakisikia Sumbawanga tu wanajipapasa kuangalia kama wana viungo vyote. Wanasema sisi tunasafiri kwa ungo, tunakwenda Ulaya na kurudi kabla chai haijapoa. Sasa mtoto wetu amekaa kwenye kiti Katandala na lifti ya Ulaya inamtii. Mteja mmoja kibandani kwangu, kijana wa Dodoma, aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, na ule ni ungo wa kisasa, unahitaji bando. Aliondoka akaisahau chaja yake. Ipo mpaka leo, ni chaja nzuri.

Basi mambo yalikwenda vizuri. Saa zao na zetu ni ndugu, kwa hiyo Hellena alifanya kazi mchana kama Mkristo na kulala usiku. Aliweka betri ya sola kwa ajili ya umeme unapokatika. Jumapili alipanda gari kwenda kijijini kumsalimia mama yake, na mtu yeyote aliyekutana na dada yangu kanisani alimwambia, Kalista una bahati, wa wenzako wamekwenda, wako yupo karibu. Dada yangu alijibu ndiyo, ndiyo, halafu akabadilisha mazungumzo. Wakati ule sikulitilia maanani.

Kisha mwaka juzi, mvua zimeshika, Jukka akampigia Hellena simu ya video akiwa na uso wa mtu anayetaka kukukopa ng'ombe. Akamweleza kwamba fundi wao mkuu, mzee wa siku nyingi, magoti yamechoka na mashimo ya lifti hayana huruma. Atapumzika. Nafasi ile hawawezi kumpa mtu wa mbali, kwa sababu sheria ya kwao inataka anayeweka sahihi kwamba lifti ni salama awe ameigusa kwa mkono wake. Wanamtaka Hellena. Lakini lazima aje, ahamie, achukue kibali cha kazi, akae kule kama mtu wa kule.

"Na nikibaki huku?" Hellena akamuuliza.

Jukka hakumficha. Akibaki, atabaki msaidizi. Na fundi mpya, yeyote atakayekuja, ndiye atakayeamua kama bado anahitaji msaidizi aliye mbali hivyo.

Hilo ndilo lililokuwa mezani, na naomba ulishike: kwenda, apate kazi aliyoisomea na kumwacha mama yake, au kubaki, na kazi yenyewe huenda ikapotea. Nimesikia redioni wakubwa wa huko wanabishana. Wengine wanasema waleteni mafundi, wazee wetu wamekwisha. Wengine wanasema msiwalete, watumieni kazi hukohuko kwao, inatosha. Na wakubwa wa huku nao wanalalamika wataalamu wetu wanakimbia. Wote wanaongea vizuri sana. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza Kalista.

Sasa, kwa asiye mtu wa Ufipa, lazima nieleze matuta, maana bila matuta hutaelewa kitu. Sisi hatulimi kama watu wenye haraka. Mvua zikiwa zimekolea na nyasi zimekuwa ndefu, tunazikata pamoja na udongo wake, tunazilaza na kuzifunika, tunaumba tuta la mviringo kama chungu kilichofudikizwa. Shamba zima linajaa vichuguu vya mikono ya watu. Ndani nyasi zinaoza polepole. Mwaka unaofuata unayavunja matuta, unayatandaza, unapanda ulezi au mahindi juu ya mbolea isiyonunuliwa. Kwa hiyo mwaka huu unachimba chakula cha mwakani. Na hakuna anayechimba peke yake, atavunjika. Kijijini kwetu watu wamejigawa vikundi, wanazunguka shamba kwa shamba kwa zamu. Kikundi cha dada yangu kinaongozwa na Gaudiosa, mama mfupi mwenye sauti ya tarumbeta. Kanuni ya Gaudiosa ni moja: kila nyumba itoe mtu.

Mgongo wa dada yangu ulikuwa umeanza kumwasi. Mtu wa nyumba ile sasa alikuwa Hellena. Msimu wa nyuma Hellena alikuwa ametuma fedha ili kikundi kimkodi kibarua mahali pake, na Gaudiosa akapokea huku amenuna. Msimu ule akatuma tena. Gaudiosa akapanda gari mpaka mjini, akapiga hodi Katandala, akairudisha bahasha mkononi mwa mwenyewe.

"Shikamoo mama," Hellena akasema, ameshika vidude vya masikioni.

"Marahaba. Umeumwa?"

"Hapana mama, kazi tu."

"Mwaka jana nilidhani unaumwa. Sisi hatujengi matuta kwa bahasha, mwanangu. Tulipokuja kumzika baba yako hatukutuma mtu wa kulia kwa niaba yetu. Tuma mkono. Kama mkono haupo, sema haupo, tujue nyumba ya Kalista imetoka kikundini."

Akanywa chai yote, akaomba na ya pili, akaondoka. Hellena akaniambia baadaye kwamba yale maneno yalimkaa kuliko ya Jukka, kwa sababu yalikuwa yaleyale. Mmoja yuko kwenye theluji, mwingine kwenye tope, na wote wanamwambia kitu kimoja: tunautaka mkono.

Hellena akamwambia Jukka kwamba jibu lazima alipate kwao nyumbani. Jukka, mtu mwenye heshima zake, akauliza kama anaweza kuongea na mkubwa wa familia. Dada yangu alikataa kabisa kuongea na kioo. Alisema hajawahi kumsalimia mtu asiyeweza kumpa kiti. Kwa hiyo, kama kawaida, mzigo ukaangukia kwangu.

Nilivaa koti la harusi. Nikakaa mbele ya kompyuta, Hellena pembeni tayari kutafsiri. Hatujaanza vizuri, mama mwenye nyumba akamwita Hellena nje, bomba la maji limepasuka na kila mpangaji anamsingizia mwenzake. Akaniacha. Jukka akabonyeza mahali, na kompyuta yenyewe ikaanza kutafsiri, kwa sauti kama ya padri mgeni anayesoma Injili ya Kiswahili kwa mara ya kwanza.

"Habari za asubuhi, Bwana Oswaldi," ikasema.

"Nzuri. Habari za nyumbani? Mama hajambo? Ng'ombe wanaendeleaje? Mvua zinasemaje huko?"

Nilimwona Jukka anasikiliza, kisha anavua miwani. Nadhani hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza yote hayo kwa mpigo. Akaanza kujibu moja baada ya jingine, kama mtu anayeungama. Mama yake ni mzee sana na yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ng'ombe hana. Mvua hakuna, kuna theluji mpaka madirishani. Shule ya mtaa wao imefungwa kwa sababu watoto wameisha. Vijana wamekwenda mji mkuu. Lifti nyingi anazozisimamia zinabeba wazee watupu, na mzee akikwama hasemi kitu, anakaa chini humo ndani anasubiri. "Kompyuta inaweza kumfungulia," mashine ikasema kwa sauti yake ya kipadri, "lakini haiwezi kumshika mkono akitoka."

Nikampa pole. Nilimpenda yule bwana. Na ndipo akauliza: "Je, familia itamruhusu Hellena aje kwetu?"

Sasa angalia hekima. Sisi hatumwambii mgeni hapana usoni. Ni kumpiga kofi. Tuna maneno yetu ya kumsindikiza mtu mpaka mlangoni bila kumsukuma, na mimi nilichagua lililo laini kuliko yote.

"Baada ya matuta," nikasema.

Mtu yeyote wa hapa, hata mtoto, anajua maana yake: usiulize tena, tubaki marafiki. Kuna bwana alikuja kumposa dada yangu zamani, baba akamwambia baada ya matuta, na yule bwana akaenda kuoa Ilemba wala hakukasirika. Harusi yake tulialikwa.

Jukka akafikiri kidogo. "Matuta yanakwisha lini?"

Mtu akikuuliza unamjibu. "Mwezi wa nne hivi, mvua zikipungua."

"Asante sana," mashine ikasema. Akaandika mahali. Akatabasamu kwa mara ya kwanza, nami nikatabasamu, na Hellena aliporudi amelowa viatu alitukuta tunapungiana mikono kama maharusi.

Siku chache baadaye alinijia kibandani. Nilikuwa na redio ya mtu imefunguliwa tumbo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Karibu stuli."

"Ulimwambia nini Jukka?"

"Tuliongea mambo ya wanaume. Ng'ombe. Theluji."

"Ulimwambia baada ya matuta."

"Kwa heshima zote."

"Mjomba, ameanza kushughulikia kibali! Ameniambia fundi mkuu amefurahi, sasa anajua lini atapumzika. Wameanza kunitafutia nyumba ya kupanga!"

"Basi ana haraka. Mimi nilimsindikiza vizuri mpaka mlangoni, yeye karudi na godoro."

"Kule ukisema baada ya matuta wanatafuta matuta kwenye kalenda!"

"Sasa hilo ni kosa la matuta au la kalenda?"

Alitaka kukasirika akashindwa, akacheka, kisha kicheko kikakatika. Mpaka leo ukoo mzima unasema nilikosea. Mimi nasema nilifungua mlango uliokuwa umekwama, na wa kwanza kunishukuru alipaswa kuwa mtu wa lifti. Nikamwambia, "Kama nimeharibu, ni rahisi. Mwandikie hapana. Neno dogo tu."

Alichukua bisibisi mezani kwangu, akaanza kuizungusha vidoleni, akaitazama ile redio. Bila kuniuliza akaingiza mkono, akaikaza skrubu moja iliyolegea, akaikaza tena ingawa ilikuwa imeshakaza. Nilipomwona hivyo nikajua neno dogo halitaandikwa siku ile.

"Mjomba," akasema, "unajua tangu nirudi huku sijagusa lifti hata moja? Nazijua kwa majina. Najua ipi inakohoa asubuhi. Lakini nazijua kama wewe unavyoujua mwezi."

"Basi nenda."

"Na mama atalima na nani?"

Hapo nami niliinamia redio, nikaanza kutafuta skrubu ambayo haikuwa imepotea.

Aliomba ruhusa kazini, akaenda kijijini kujenga matuta. Nami nikafuata, kusimamia. Zamu ilikuwa imefika kwenye shamba la dada yangu mwenyewe. Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umelala bondeni na nyasi zimelowa, watu wamesimama mstari, na Gaudiosa alipomwona Hellena anakuja na mabuti mapya akapiga kigelegele cha dhihaka.

"Jamani, Ulaya imetutembelea! Mpeni kiti!"

"Mpeni jembe," dada yangu akasema. Alikuwa amekaa pembeni kwenye gunia, mgongo umekataa, anachambua maharage.

Akaanza. Tuta lake la kwanza lilikuwa bapa kama chapati. La pili likabomoka lenyewe kabla hajaligeuzia kisogo.

"Hellena," mama mmoja akamwita, "hilo tuta lina hitilafu gani? Soma namba utuambie!"

"Mlango haufungi," Hellena akajibu akihema, na shamba zima likaangua kicheko. Gaudiosa akaja, akamshika viganja, akamwonyesha: unakata hapa, unalaza nyasi, unavuta udongo kwako, usiusukume. Akamwacha. Jua lilipopanda, matuta yake yalianza kufanana na matuta. Mikono ilikuwa imetoka malengelenge na moja limepasuka. Nilimpelekea togwa, nikamwona anaviangalia viganja vyake vyenye tope kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu. Si kwa huruma. Kama mtu aliyekutana na jamaa yake stendi.

Tulipopumzika akakaa chini karibu na mama yake. Simu ilikuwa imeachwa nyumbani. Dada yangu aliendelea kuchambua maharage.

"Hellena."

"Abee mama."

"Watu wananiambia nina bahati, mtoto wangu yupo karibu. Mimi naitikia. Lakini Jumapili ukija una vidude masikioni. Nikija kwako mjini unaninyooshea kidole nisubiri, unaongea na watu nisiowaona. Kwenye msiba wa jirani ulikuja, ukasimama nje unaandika kwenye simu. Upo na haupo."

"Mama..."

"Ngoja nimalize, sisemi mara mbili. Mtu akisafiri, mimi najua amesafiri. Namwombea njiani, nahesabu atarudi lini. Wewe siwezi kukuombea safari wala siwezi kukutuma maji. Uchague mahali pa kuwepo."

"Unanifukuza?"

"Ningekufukuza ningekwambia." Akatupa punje iliyooza. "Unaitaka ile kazi?"

Hellena akatazama mikono yake. "Naitaka, mama. Nilikuwa nasema siendi kwa sababu yako. Lakini nimekaa hapa na sikukulimia."

"Basi usinifanye mimi kuwa sababu. Mimi nina mambo yangu."

Hakulia mtu. Sisi Wafipa tunalia kwenye misiba, kwingine tunachambua maharage. Hellena akamsaidia kuchambua, wakawa wameinamia ungo mmoja, vichwa vinakaribia kugusana, mpaka Gaudiosa akaita watu warudi kazini.

Lakini kabla ya kurudi, Hellena akasimama mbele ya kikundi akasema wazi, bila kuzunguka, jambo ambalo kwetu ni gumu kuliko kuchimba. Akasema anakwenda. Akasema anajua kanuni, na hawezi kutuma bahasha, kwa hiyo anaomba wamwambie la kufanya kuhusu nyumba ya mama yake.

Mwanamke mmoja alisema labda wapunguze eneo la Kalista. Mwingine akasema labda wamsamehe msimu mmoja. Gaudiosa akatikisa kichwa. "Nikimsamehe Kalista, kesho kila mwenye mtoto mjini atataka msamaha, nitabaki nachimba na kivuli changu. Nyumba ile inatakiwa itoe mkono." Akageuka polepole. "Nani alimwambia mzungu baada ya matuta?"

Nilikuwa nimesimama na kibuyu cha togwa, koti begani.

"Mama Gaudiosa," nikasema, "mimi ni mtu wa mjini. Nina kibanda. Nina wateja."

"Neno lilikuwa lako au la wateja?"

"Nilisema kwa heshima."

"Na utachimba kwa heshima. Weka kibuyu chini."

Nilimtazama dada yangu anitetee. Tulinyonya titi moja, mimi na yule mwanamke. Akasema, "Oswaldi, koti utalichafua, livue," na shamba likacheka mpaka ndege wakaruka. Nilichimba siku ile matuta ambayo mpaka sasa, nikipita, nayatambua kwa uzuri wake. Gaudiosa anasema ni yeye aliyeyarekebisha nilipokwenda kunywa maji. Mwache aseme.

Siku iliyofuata Hellena alimpigia Jukka. Safari hii hakunikaribisha. Alimweleza kwamba mjomba wake alikuwa amemkatalia kwa Kifipa, na kwamba yeye sasa anakubali kwa Kiingereza. Jukka hakuelewa kitu, akaomba arudie. Hellena akataka mkataba wa kwanza uwe mfupi, na kiti chake cha mbali kisifutwe mpaka aone kama yule mji unamfaa, maana mtu anaweza kwenda na bado asiwepo, na hilo alikuwa amelijaribu tayari. Jukka akakubali la kwanza mara moja. La pili akasema lazima aulize wakubwa wake. Wakubwa wakakubali nusu, kama wakubwa wa popote.

Aliondoka matuta yalipokwisha, sawasawa na nilivyosema.

Yuko kule sasa. Si raha tupu, nisikudanganye. Mwezi wa kumi na mbili jua la kule linachungulia na kufunga mlango. Aliwasalimia majirani zake wote kwenye ngazi, wakaogopa, mpaka mama mmoja mzee wa ghorofa ya juu akaanza kumjibu, na sasa huyo humgongea mlango kumpa mkate. Lugha inamtesa. Kuna siku alimwambia mama yake kwamba anatamani kurudi, na dada yangu akamwambia, "Rudi basi, au usirudi, lakini kwanza ule," akampa simu Gaudiosa amshauri kuhusu kikohozi.

Kutoka kule anapiga Jumapili, na hana vidude masikioni. Anakaa anamtazama mama yake. Dada yangu amekubali kuongea na kioo, ila kwanza anakiwekea kiti. Simu inaegemezwa kwenye kiti cha mgeni, na kikombe cha chai mbele yake. Mara ya mwisho Hellena alipiga akitoka kazini kwa dharura, bado yumo kwenye ovaroli. Mzee mmoja alikuwa amekwama, akamtoa, akamsindikiza mpaka kwake. Dada yangu hakuuliza lifti ilikuwa na nini. Alimwambia, "Lete mikono niione." Hellena akaisogeza kwenye kioo, imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Dada yangu akaitazama muda mrefu, huku na huku, kama anayekagua mtoto kabla ya kwenda shule.

"Umechafuka vizuri," akasema. "Haya, kanawe. Mjomba wako anakwenda shambani, Gaudiosa ameshamwita mara mbili."

Na ilikuwa kweli.